Majivu kwenye Mashina ya Nyanya

Zainabu mwanangu,

Barua huanza kwa kumjulia hali mtu aliye mbali, na wewe bado uko hapa hapa Unyambwa, nyumba ya nne kutoka kwetu, umekaa kwenye mkeka unasukwa nywele. Uliniambia hutamaliza kabla ya magharibi. Sasa hivi ni saa nane mchana. Begi lako liko sebuleni, limezungushiwa kamba kwa sababu zipu imekataa, na mimi nimechukua daftari lako la zamani la Jiografia, lile lenye kurasa nyingi za mwisho ambazo hukuziandika, nimekaa nalo mezani.

Habari za sweta, chandarua na kutonunua chakula dirishani mwa treni nimekuambia wiki nzima, mpaka jana ukasema, "Mama, nimesikia." Kweli umesikia. Nilikuwa nakuambia hayo ili nisikuambie haya. Kila nilipofungua mdomo yalitoka maneno ya chandarua.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa chapati. Utaikuta ukishikwa na njaa, treni ikiwa imeshaiacha Manyoni nyuma, na hutaweza kugeuka uniulize kitu. Nimepanga hivyo makusudi. Naogopa uso wako. Nimekuzaa na kukulea, lakini kwa jambo hili naogopa uso wako, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya mengine.

Ni habari ya shangazi yako Mariamu.

Nilikuambia aliondoka kwenda kuangalia shamba la babu yako Kinyangiri, kule Mkalama. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukaniamini, au ulijifanya kuniamini. Hakwenda kuangalia shamba. Mimi ndiye niliyemfukuza, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimfukuza kwa ajili ya nyanya. Nitakueleza yote, na habari za nyanya pia, kwa sababu bila hizo hutaelewa.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Shangazi alikuja kwenye msiba wa kaka yake na kibegi cha siku tatu. Hitima ya arobaini ikapita, ndugu wengine wakarudi kwao Mkalama, yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki. Asubuhi moja nilitoka bombani nikamkuta anakufunga vifungo vya shati la shule, na siku hiyo nikaenda kazini bila wasiwasi kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Unajua kazi ya upishi wa shule ilivyo. Natoka alfajiri ili uji wa wanafunzi uive kabla hawajaingia darasani, narudi jua limeshuka, nguo zinanuka moshi na maharage. Bila yeye ningeacha ile kazi, na sijui tungekula nini.

Yeye naye alikuwa na mambo yake, ambayo wewe hukuambiwa ukiwa mtoto. Aliolewa kijiji cha pili kutoka kwao, akazaa watoto wawili, na wote wawili walifariki kabla hawajaanza kutembea. Mumewe na mama mkwe wake wakasema ana mkono mbaya, kwamba kila anachokishika hakikai. Wakamtolea godoro lake nje. Baba yako ndiye aliyekwenda kumchukua. Aliwaambia wale watu kwamba dada yake ana kwao, na siku yoyote nyumba yake yeye ni nyumba ya dada yake. Hayo yote alinisimulia mwenyewe tulipokuwa wachumba, na nilimpenda zaidi kwa ajili ya hayo. Kwa hiyo nilikuwa naijua habari hiyo vizuri. Ukisoma huko mbele kumbuka kwamba nilikuwa naijua.

Nyanya nilianza kupanda mwaka wa nne wa ujane. Nilichoka kununua nyanya tatu tatu kila jioni, na kiangazi kikikaza hapa kwetu ni mlenda mkavu Jumatatu mpaka Jumatatu nyingine. Nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha ardhi kinachoshuka kidogo, na bomba lilikuwa karibu. Nikasema na mimi niwe na kitu kimoja kilichoota kwa mkono wangu.

Msimu wa kwanza nilipanda mvua zikiwa zimeshika. Majani yakaingia madoa, yakawa kama yameunguzwa na moto, na matunda machache yaliyotoka yakaoza yangali mabichi. Shangazi alicheka akasema tumelima mbolea. Msimu wa pili nilisubiri mvua ziishe. Nikawa namwagilia ninapokumbuka, siku mbili bila tone halafu ndoo tano kwa mkupuo, na nyanya zikaja na vitako vyeusi, unakata juu nzima chini imeoza. Msimu wa tatu nikasema tatizo ni miche yangu. Nikaenda sokoni nikanunua miche iliyofungwa kwenye gunia lenye maji, mirefu, mizuri, karibu arobaini. Nikaipanda pale pale.

Ile ilishika, Zainabu. Ilinyooka, nikaisimikia miti, ikatoa maua. Nikaanza kuwaahidi wapishi wenzangu. Halafu mche mmoja ukalala saa sita mchana, kama umechoshwa na jua. Jioni ukainuka. Kesho yake ukalala tena na haukuinuka, majani yakiwa bado ya kijani kibichi. Ukafuata wa pili, wa tatu, kwa mstari, kuanzia upande wa juu kulikokuwa na chumba cha shangazi.

Niliona kwamba zinaanzia upande wa chumba chake. Nikaliweka moyoni, sikumwambia mtu.

Lakini moyoni hapakuwa patupu, na hili ndilo gumu kuliko yote kuliandika. Mimi ni Mnyaturu. Kinyiramba, lugha ya kwa baba yako, nakisikia nusu nusu, na nikijaribu kukisema mnanicheka. Ninyi wawili mlikuwa mnakaa jikoni mnaongea Kinyiramba na kucheka, nami nikiingia mnageuza Kiswahili. Leo najua mlifanya hivyo kwa adabu, ili nami niwemo. Wakati ule nilichosikia ni kwamba mnanyamaza. Nilikuwa natoka nyumbani hujaamka na narudi umeshaoga, umeshakula, umeshasimulia habari zako zote za shule. Nikikuuliza habari za shule unasema, "Nzuri," kwa sababu ulikwisha kuzisimulia.

Wiki ile ile nyanya zilipoanza kulala ulishikwa na malaria. Jumapili mchana nilikuwa nimekaa kitandani kwako nakukanda kwa kitambaa. Ukafumbua macho, ukanitazama vizuri kabisa, ukasema, "Niitie shangazi." Nikaenda kumwita. Akaja akakaa pale pale nilipokuwa nimekaa, ukashika ncha ya kanga yake, ukalala. Mimi nikatoka nikaenda kusimama kwenye nyanya, nikahesabu zilizokufa.

Ulikuwa mgonjwa na ulikuwa mtoto. Sikulaumu hata kidogo. Nakueleza tu nilikokuwa nimesimama.

Alhamisi ulikuwa umepona, umerudi shule. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi tu, nikawahi kurudi, nikapitia mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa ameinama kwenye tuta na karai. Anachota kwa kikombe, anamwaga kwenye mashina, shina moja moja, taratibu. Nikamuuliza anamwaga nini. Akasema ni majivu, kwao walikuwa wanaweka majivu, huenda ni wadudu wa chini. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutwa akimwandalia mwenzake zawadi.

Nikamwambia, "Wifi, kila unachokigusa kinakufa."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Sikupiga kelele, ndiyo maana hata majirani hawakuwahi kujua kilichotokea uani kwetu.

Aliangalia kikombe mkononi. Akamalizia shina lililokuwa mbele yake, kwa sababu alikuwa ameshachota, akaenda bombani, akasuuza karai, akaliegemeza ukutani likauke. Jioni akapika. Tulikula sote watatu, ukatusimulia jinsi mwalimu wenu alivyokaa kwenye kiti kibovu kikavunjika, naye akacheka pale palipotakiwa kucheka. Asubuhi yake alikusindikiza mpaka kwenye geti la shule. Ulikuwa darasa la saba, uliona aibu kusindikizwa, ukaja kunilalamikia. Kumbe alikuwa anakuaga. Niliporudi kutoka kazini chumba chake kilikuwa kimefagiwa, na redio yake aliiacha juu ya kitanda chako.

Wiki mbili baadaye alipiga simu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi, akaomba akusalimie. Ulikuwa nje unaosha vyombo, nakuona dirishani. Nikamwambia umekwenda madrasa. Akasema sawa, atapiga tena. Alipopiga tena sikupokea. Alijaribu mara tatu nne, halafu akaacha.

Wewe ukawa unaniuliza atarudi lini, nikasema shamba ni kubwa. Ukaniuliza kama ana simu, nikasema huko mtandao haushiki. Ulipofika kidato cha pili uliacha kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, siku nilipogundua umeacha nilifurahi. Nilidhani sasa nimekupata.

Sikukupata. Ulikuwa mtoto mwema, kila asubuhi "Shikamoo mama", kila jioni vyombo visafi, kila muhula ripoti nzuri. Lakini ulifunga kitu, na mimi nilijua ni mlango gani umefungwa na ni nani aliyeusukuma. Tumeishi humu ndani miaka kumi kama watu wawili wenye adabu. Wengine wananisifu kwa ajili yako, wanasema binti yangu ni mtulivu. Nawaitikia.

Mwaka uliofuata nilipanda nyanya tena, pale pale. Nilitaka zishike ili nijue kwamba nilikuwa sawa. Zikalala. Zilianza kulala upande ule ule, na chumba kilikuwa hakina mtu.

Siku hizo bwana shamba wa kata alikuwa anapita mtaani kwa habari za mbegu za alizeti, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwomba aingie uani. Akang'oa mche mmoja uliolala, akakata shina karibu na mizizi, akaniomba glasi ya maji safi. Akalishika lile shina juu ya glasi, ncha yake ikiwa ndani ya maji, akaniambia nitazame. Baada ya muda kidogo uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, kama maziwa, ukaenda mpaka chini ya glasi. Akasema huo ni ugonjwa wa mnyauko, unakaa kwenye udongo, hauna dawa. Akaniuliza nimepanda nyanya mara ngapi mahali hapa. Nikasema mara nne mfululizo. Miche ya mwaka jana niliitoa wapi? Nikamwambia sokoni. Akatikisa kichwa akasema huenda ulikuja na miche hiyo, na kwa kuwa ardhi inashuka, ukianzia juu, maji yanaupeleka mche kwa mche.

Nikamuuliza kama majivu yanaweza kuua nyanya.

Akasema, "Majivu kidogo hayana neno. Aliyeweka alikuwa anajaribu kukusaidia."

Alipoondoka nilibaki na ile glasi mezani. Niliimwaga, nikaiosha mara tatu, na sikuinywea tena.

Siku ile ndiyo niliyopaswa kwenda Kinyangiri. Ni safari ya asubuhi moja kwa basi. Ilinichukua miaka saba. Mwaka wa kwanza ningeweza kusema nilighafilika, nilikuwa nimechoka, nisamehe. Mwaka wa tatu ningesema nini? Nikawa na shughuli. Kila likizo ikifika najipa shughuli. Kwa ajili ya mimea niliomba mtaalamu aje mpaka uani. Kwa ajili ya mtu sikumwita yeyote wala sikwenda popote.

Ukaja ukaenda chuo cha uuguzi, na nyumba ikaniachia nafasi ya kuwaza. Wiki mbili za mwanzo nilisonga ugali wa watu wawili bila kujijua, nikawa nawapa kuku. Nikipita karibu na chumba cha shangazi nafunga mlango, ingawa umefungwa. Nilianza tena habari ya nyanya kwa sababu tu nilikuwa natafuta kitu cha kuamkia siku za mapumziko. Mara hii nilimtii yule bwana shamba. Sikugusa udongo wa uani. Nililipia mkokoteni uniletee udongo kutoka shamba lililokuwa la mtama, nikauchanganya na samadi iliyooza, nikajaza kwenye viroba, nikaviweka juu ya mawe mbali na lile tuta. Mbegu nilizisia mwenyewe. Nikamwagilia kila asubuhi, kipimo kile kile, chini kwenye shina bila kulowesha majani, nikatandaza nyasi kavu juu. Majani ya chini nikayatoa. Hakuna la ajabu nililofanya. Nilifanya kidogo kidogo kila siku na sikukasirika.

Zikazaa. Uliziona kwenye picha, lakini picha haikuonyesha vizuri. Siku ya kwanza nilichuma beseni zima. Nikalibeba mpaka barazani, nikakaa nalo, nikatazama njia. Nilikuwa nimezingoja zile nyanya zaidi ya miaka kumi, na hapakuwa na mtu wa kumwita aje aone. Nikakupigia simu. Ukasema, "Hongera mama, niko wodini, nitakupigia." Nikachukua moja, nikaila kwa chumvi. Ilikuwa tamu kweli. Nikalia pale pale barazani, na mtu akipita akanisalimia namwitikia, nadhani walifikiri ni vitunguu.

Mtu ambaye angefurahi kuziona nilikuwa namjua. Kesho yake nikapanda basi la Kinyangiri na ndoo imejaa nyanya, na wewe nikakutumia ujumbe kwamba nakwenda msibani.

Nilimkuta uwanjani kwao anapepeta alizeti. Amekonda, nywele za kando zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijafika. Akaweka ungo chini, akanipokea ndoo, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Tukaulizana hali za watu wote mpaka wakaisha. Nikaanza kusema kwamba nimekuja kwa lile neno. Akaniambia tule kwanza. Akachukua nyanya mbili kwenye ndoo, akazibonyeza kidogo kwa kidole gumba.

"Hizi zimekubali?"

"Zimekubali, wifi."

Akazikatia kwenye mboga, tukala.

Baada ya kunawa nilimwambia yote. Habari ya bwana shamba na glasi, habari ya simu nilizokataa kupokea. Nilimwambia mpaka habari ya Jumapili ile, uliposema nikuitie shangazi, na kwamba hasira yangu ilianzia kitandani kwako, nyanya niliziokota tu njiani. Alisikiliza akiwa anachambua alizeti kwa vidole. Kisha akasema, polepole, bila kuniangalia:

"Lile neno halikuwa geni kwangu. Alilisema mume wangu, akalisema mama yake. Nilikuwa sijalisikia nyumbani kwa kaka yangu."

Nikamwomba radhi. Akasema alishanisamehe zamani, alikuwa amechoka kutembea nalo. Nikamwomba arudi, hata kwa wiki moja. Akasema hapana. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiingia kwenye ile nyumba ataogopa kushika vitu.

Mwanangu, nimeambiwa mambo mengi maishani mwangu, na baba yako nimemzika, lakini hakuna kilichonikaa kama hicho. Ataogopa kushika vitu. Vile vikombe, lile karai, wewe.

Tulipokuwa tunangoja basi aliniuliza kama unajua. Nikamwambia hujui, niliwahi kukuambia ni habari za shamba.

"Mwambie Zainabu," akasema. "Asifikiri mimi ndiye niliyemwacha."

Hakuniomba kitu kingine. Ndoo alinirudishia ikiwa na karanga. Ni zile karanga ulizozikuta likizo ukaniuliza zimetoka wapi, nikasema nimenunua sokoni. Hata hapo, na karanga zake ziko mkononi mwako, nikasema sokoni.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Kwa miaka miwili nimekuwa na ujumbe wake kwako na sikuufikisha. Sababu haina heshima yoyote. Niliogopa ukijua utaondoka, na ninyi wawili mtakuwa kule na mimi huku. Kumbe ulikuwa unaondoka hata hivyo, kama watoto wote, na mimi nimetumia miaka hiyo kulinda kitu ambacho hakikuwa kimekaa.

Unakwenda kufanya kazi ya kuwashika watu wanaoumwa. Watakuambia mambo yao, kwa sababu una uso wa kuambiwa, umeurithi kwa shangazi yako. Na utachoka, najua uchovu wa kazi ya kusimama. Siku utakayokuwa umechoka hivyo, na mtu amekukera, utakuta neno la kumvunja unalo tayari. Mimi lile neno sikulitafuta. Lilikuwa limekaa moyoni miaka yote, nilipewa na baba yako kwa huruma ili nimpende dada yake, nami nikalitoa siku moja kama kisu cha jikoni. Sina dawa ya kukupa. Nakuonyesha tu mahali lilipokuwa limekaa.

Na ukikosea, mwanangu, nenda kabla hujajua utasema nini. Mimi nilikuwa natafuta maneno miaka saba, na nilipofika niliambiwa tule kwanza.

Usifikiri nakuandikia haya ili unionee huruma kwa kubaki peke yangu. Nitabaki, ndiyo. Tangu asubuhi nimekuwa nikizunguka humu ndani nikisikiliza ndala zako zinavyoburuta, na nimejua nitazikosa. Viroba vya mwaka huu vimeshika maua. Vikizaa nitawapelekea watu mlangoni, maana nimejifunza kwamba nikikaa barazani kungoja hawaji. Na upweke wangu nauelewa sasa. Zamani nilidhani ni wa ujane. Sehemu yake ni ya ujane. Sehemu nyingine niliitengeneza mwenyewe siku moja mchana, na siwezi kumdai mtu.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kulipia tiketi ya basi la Manyoni, nilimpigia shangazi yako simu. Nilimwambia unaondoka kesho kwenda kuanza kazi Kigoma, na kwamba leo nakuandikia yote. Akauliza, "Kweli, wifi?" Nikasema kweli. Hakusema kitu kingine, lakini hakukata simu. Nilikuwa nasikia kuku wake, nadhani naye alikuwa anasikia wa kwangu. Tukakaa hivyo mpaka salio langu likaisha.

Namba yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu kwa herufi kubwa. Mtandao unashika vizuri huko, ulikuwa unashika siku zote.

Ukikasirika, kasirika. Usiharakishe kuniambia hamna shida, mama, kwa ile sauti yako ya adabu. Nimeishi nayo miaka kumi na ningependa kusikia nyingine, hata kama ni ya ugomvi.

Ukifika Kigoma usinipigie mimi. Mpigie shangazi kwanza, ongea naye Kinyiramba mpaka mtosheke, wala usimweleze nilivyo. Mimi nipigie siku utakayoweza. Nitapokea.

Mama yako